Kabla ya kumpeleka mtoto kupimwa hisi

Mtoto akichelewa kukaza shingo, kukaa au kushika vitu, mtaalamu wa tiba kwa vitendo huweza kutaka kuona anavyopokea mguso, sauti, mwanga na kuchezeshwa. Kipimo chenyewe si kirefu. Kinachokiharibu mara nyingi ni maandalizi.

Masikio na macho yatangulie kupimwa. Mtoto asiyegeuka akiitwa hudhaniwa hajali sauti, kumbe hasikii. Manjano makali ya uchanga, homa ya uti wa mgongo na hata sindano za gentamisini, dawa ya kuua bakteria, vinaweza kudhuru usikivu, kwa hiyo beba kadi ya kliniki na karatasi alizoruhusiwa nazo wodini. Kama ni njiti, umri wake uhesabiwe kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa: aliyewahi kwa miezi 2 na sasa ana miezi 8, ni wa miezi 6. Kipimo cha hisi kilichotungwa na DeGangi na Greenspan mwaka 1989, kwa mfano, ni cha miezi 4 hadi 18, na hesabu ikikosewa mtoto atashindanishwa na wakubwa zake.

Kisha mwangalie nyumbani, kwa siku kadhaa. "Hapendi kuoga" haimsaidii mtaalamu. Mwambie hivi: akimwagiwa maji kichwani anakakamaa, anatupa mikono, analia mpaka afungwe kanga, ndipo anatulia. Hapo kuna kitu cha kufanyia kazi. Vivyo hivyo kwa uji wenye chembechembe, kukatwa kucha, kuwekwa miguu kwenye nyasi, mlio wa blenda, kubebwa mgongoni. Andika pia anachokipenda. Wazazi husahau hilo, na ndilo litakaloanzia tiba. Video fupi ya simu inafaa kuliko maelezo ya nusu saa.

Kuna mishtuko isiyosubiri miadi. Mtoto akijikunja ghafla kichwa na mikono, akaachia, akarudia tena na tena kwa mfululizo, hasa anapoamka, usiseme anaogopa sauti. Yaweza kuwa aina ya kifafa cha watoto wachanga. Mrekodi na umpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Siku ya miadi, omba saa ambayo kwa kawaida yuko macho na mchangamfu. Mnyonyeshe mapema kidogo: mwenye njaa hulia kwa kila kitu, na aliyeshiba sasa hivi atatapika akizungushwa hewani. Nguo ziwe rahisi kuvua, maana atasuguliwa viganja, nyayo na tumbo. Akiwa na mafua au homa, ahirisheni tu. Dawa za kifafa usiziruke ili achangamke. Mpe kama kawaida, utaje saa aliyomeza, kwani fenobabitoni, mojawapo ya dawa hizo, humsinziza.

Na kama anayeshinda naye ni bibi au dada wa kazi, nendeni pamoja. Maswali mengi ataulizwa yeye.