Homa ya ini kijijini: pima nyumba nzima, usisubiri macho yawe ya njano

Ukiuliza vijijini kwetu kama kuna homa ya ini utajibiwa hapa hamna, alafu ukikaa kidogo unasikia fulani tumbo limejaa maji na watu washaamua karogwa. Sio kila tumbo la hivyo ni kirusi, kuna pombe na kuna kichocho pia, ila wengi wao hawajawahi hata kupimwa. Homa ya ini B inakaa mwilini miaka na miaka mtu analima, anazaa, anacheza mpira, hana dalili yoyote, ndo maana inaonekana haipo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 watu milioni 254 wanaishi nayo, na kama milioni 65 kati yao wako huku Afrika.

Kupima anza na waliozaliwa kabla ya 2002, kwa hapa Tanzania, maana ndo mwaka chanjo yake ilipoingia kwenye chanjo za watoto, kwahiyo wakubwa wengi hawajachanjwa. Na kabla hujatoa nauli muulize mhudumu wa afya wa kijiji kama zahanati au kituo cha afya wana kipimo cha HBsAg, yaani cha homa ya ini B, sio kila sehemu wanacho.

Kipimo chenyewe kinafanana na kile cha malaria, unachomwa kidole, unasubiri kama dakika 15 hadi 20. Mstari mmoja kwenye herufi C huna kirusi, miwili C na T unacho hata kama wa T umefifia, na kama C haijatokea kirudiwe.

Ukikutwa huna, omba chanjo: leo, baada ya mwezi mmoja, alafu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Ile ya tatu ndo watu wanaisahau, iandike mahali utaiona.

Ukikutwa unacho usikate tamaa jamani, sio kwamba unakufa kesho. Unarudia kipimo baada ya miezi 6 kujua kama kimekaa moja kwa moja, unapimwa ini na wingi wa kirusi hospitali ya wilaya au mkoa, na upime UKIMWI pia kwasababu dawa ya tenofovir inatumika kwa vyote viwili na hupewi wala huiachi kienyeji. Sio kila mtu anaanzishiwa dawa, ila kila mtu anafuatiliwa. Pombe acha. Mizizi ya kusafisha ini acha, mingine inalimaliza kabisa. Na mahindi au karanga zenye ukungu usile, sumukuvu ikikutana na hiki kirusi hatari ya kansa ya ini inapanda sana.

Alafu mwenza, watoto na ndugu wa tumbo moja wote wapimwe. Mama mjamzito aseme kliniki mapema, mtoto apate chanjo ndani ya saa 24 tangu azaliwe, maana ile chanjo ya wiki ya 6 kwa mtoto huyo inakuwa imechelewa na mtoto mchanga akiambukizwa, kati ya 10 kama 9 wanabaki nacho maisha yote.

Nyumbani wembe, mswaki na sindano kila mtu na chake, chale na tohara kwa wembe mmoja hapana, kirusi kinaweza kukaa nje ya mwili angalau siku 7. Lakini sahani, kikombe, kukumbatiana, hivyo haviambukizi, naomba sana msimtengee mgonjwa vyombo, inauma na haisaidii kitu.

Mkitaka kujua kijiji chenu kikoje msihesabu wagonjwa, ombeni mganga mfawidhi apange siku ya upimaji na muitishe watu wazima wote, wazima kwa wagonjwa. Hesabu ni waliokutwa nacho kwa waliopimwa, wakifika 8 kwa kila 100 basi maambukizi ni ya juu na mna hoja ya kuipeleka kwa mganga mkuu wa wilaya muombe chanjo ya watu wazima. Namba zisomwe mkutanoni, majina yabaki zahanati.