Muhtasari, daftari na karatasi ya mtihani: tunavyovioanisha katika shule za msingi za halmashauri

Mwongozo huu nawaandikia maafisa elimu kata, walimu wakuu na walimu wa taaluma, hasa wenzangu wa Mtwara na Lindi. Katika kata yangu, huku uwanda wa Makonde, kwa miaka mingi matokeo yakishuka tulikuwa na majibu tayari: watoto hawajisomei, wazazi hawana mwamko. Siku moja nikaweka mezani vitu vitatu vya darasa moja: muhtasari wa Hisabati (waraka wa serikali unaoonyesha mada za kufundishwa), daftari la mwanafunzi, na karatasi ya mtihani wa muhula ambayo shule iliinunua kwa mtu anayetunga mitihani na kuiuza. Kila kimoja kilikuwa na habari zake. Mtoto alifundishwa hili, akapimwa lile, na muhtasari ulitaka jingine kabisa.

Hatua ya 1: Anza na daftari

Azimio la kazi, yaani mpango wa mwalimu wa mada za kufundisha, utalikuta limejazwa vizuri na muhuri umegongwa. Kilichofundishwa kweli kiko kwenye daftari. Chukua madaftari matatu kwa kila darasa: la mtoto anayefanya vizuri, la wa katikati na la anayesuasua. Orodhesha mada na tarehe zake. Kaa na mwalimu wa somo mkiyapitia pamoja, na mwambie mapema kwamba hakuna atakayeandikiwa barua. Mwalimu akishikwa na hofu, utaletewa daftari lililoandaliwa usiku, na kazi yote inaharibikia hapo.

Hatua ya 2: Chora jedwali la safu nne

Safu ya kwanza andika umahiri mahususi, yaani kile mtoto anachotakiwa aweze kukifanya, ya pili vigezo vya upimaji. Zote mbili nakili neno kwa neno kutoka muhtasari wa TET (Taasisi ya Elimu Tanzania). Safu ya tatu andika kazi iliyomo kwenye daftari. Ya nne, swali lililoulizwa kwenye mtihani. Kisha pigia mstari vitenzi tu: kutaja, kueleza, kupima, kutatua. Vitenzi vikigombana, umepata pengo.

Nitaeleza pengo moja kwa kirefu, maana ndilo lililonifungua macho. Mada ilikuwa uzani. Muhtasari ulitaka mtoto atatue mafumbo, yaani hesabu zinazotolewa kwa maneno. Daftari lilijaa hesabu za kujumlisha na kutoa kilo na gramu, zimepangwa wima, vema kila mahali. Mtihani wa kununua uliuliza, "Kilo moja ina gramu ngapi?" Watoto wakapata, sote tukafurahi.

Nikamwita binti mmoja aliyekuwa akipata vema zote, nikamwandikia: *Bibi ana korosho kilo 12 na gramu 400. Amebangua kilo 3 na gramu 750. Zimebaki kiasi gani ambazo hazijabanguliwa?* Akaisoma mara mbili, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ni kujumlisha au kutoa?" Nikamwambia kutoa. Papo hapo akapanga wima, akakopa kilo moja akaigeuza gramu 1,000, akaandika kilo 8 na gramu 650. Sahihi kabisa. Kukokotoa alikuwa anajua vizuri. Kusoma habari na kuamua afanye nini hakuna aliyemfundisha, na hakuna mtihani wetu uliowahi kumdai. Na huyu ni mtoto ambaye kwao korosho zinabanguliwa barazani.

Angalizo: mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu. Waliokuwa darasa la nne mwaka huo wanaendelea na mtaala wa zamani hadi wamalize la saba mwaka 2027, sambamba na wadogo zao watakaomaliza la sita katika mtaala mpya. Kabla ya kunakili chochote, hakikisha umeshika muhtasari wa kundi husika. Nimekuta shule wakichanganya.

Hatua ya 3: Hesabu wiki mlizo nazo kweli

Toa siku za mitihani ya taifa, maana darasa la saba wakifanya mtihani Septemba, na la nne upimaji wao baadaye, shule nzima inatulia. Toa sikukuu. Kisha kuwa mkweli kuhusu korosho. Kuanzia Oktoba mahudhurio yanapungua: wapo watoto wanaohamia mashambani na wazazi wao kuokota, na wengine wanabaki nyumbani kulea wadogo. Tuwafuatilie, ndiyo, pamoja na watendaji wa vijiji. Lakini kupanga mada ngumu kama sehemu au mafumbo ya uzani katikati ya Novemba ni kumwonea mtoto. Sisi tumezisogeza kabla ya likizo ya Juni pale mfuatano wa mada unaporuhusu, na msimu wa korosho tunauachia marudio na mada nyepesi.

Hatua ya 4: Kubalianeni mada za lazima

Wapo wanaotaka shule zote za halmashauri ziwe ukurasa mmoja siku moja. Siungi mkono. Shule yenye walimu watatu kwa madarasa saba haiwezi kwenda mwendo wa shule ya mjini. Kubalianeni mada zipi kila shule iwe imezikamilisha kabla ya mtihani wa Juni na kabla ya ule wa mwisho wa mwaka, na acheni wiki mbili za fidia kila muhula. Njia ya kufika, mwachieni mwalimu.

Hatua ya 5: Jedwali la utahini kwanza, maswali baadaye

Acheni kununua mitihani. Chagueni walimu wa somo kutoka shule tofauti, wakae siku mbili na muhtasari mkononi, waanze na jedwali la utahini, yaani mpango unaoonyesha kila mada itapata alama ngapi na maswali ya aina gani. Alama zigawanywe kwa kufuata idadi ya vipindi: mada yenye vipindi 20 kati ya 80 inapata robo ya alama. Ndani ya kila mada gawanyeni tena: maswali ya kukumbuka, ya kuelewa na ya kutumia maarifa. Swali lisilo na chumba kwenye jedwali linatupwa, hata kama ni zuri. Hapa patakuwa na mabishano makali, yaacheni yaishe yenyewe. Mwalimu aliyebishania swali kwa nusu saa anarudi darasani kwake akifundisha tofauti. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja.

Fedha ya kudurufu ikikosekana, maswali yaandikwe ubaoni.

Hatua ya 6: Chambueni swali kwa swali

Wastani na nafasi ya shule viwekwe kando kwanza. Chukueni karatasi 20 kila shule, mhesabu waliokosa kila swali. Likikosewa na shule zote, lisomeni upya: huenda lugha yake ni mbovu, au mada haieleweki hata kwetu walimu. Likikosewa na shule moja tu, nendeni shule hiyo mkaulize kwa upole. Mara nyingi mtakuta mwalimu alihamishwa katikati ya muhula na mada ikarukwa.

Hatua ya 7: Peleka matokeo kwenye jumuiya ya ujifunzaji

Vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), ambako walimu hujifunza pamoja, tayari vipo kwenye ratiba, vitumieni kwa hili. Kikao kimoja, mada moja. Cha kwanza kwetu kilihusu lile fumbo la korosho: mwalimu mmoja alilifundisha mbele ya wenzake bila kuruhusu tarakimu yoyote kuandikwa hadi watoto waeleze kwa maneno yao nini kimetokea kwa korosho za bibi. Wiki tatu baadaye nilipita tena kuomba madaftari matatu yale yale, nikafungua safu ya tatu ya jedwali na kuanza kujaza upya.