Jinja hadi Suam kwa pikipiki: kuuvuka Mlima Elgon msimu wa mvua

Vijana wengi huniuliza kama Boxer ya cc 100 inaweza kuupanda Elgon. Itapanda. Cha kuuliza ni itateremkaje, lami ikiwa imelowa na upepo unakusukuma ubavuni. Mimi hupeleka vipuri njia hii, kutoka Jinja hadi Suam, mpakani mwa Uganda na Kenya, na maandalizi yangu yote yanalenga mteremko.

1. Breki, siku moja kabla. Pikipiki zetu nyingi zina breki za dramu. Fungua magurudumu yote mawili, pangusa vumbi, angalia kama pedi zimelika. Kaza cheni, lakini ibaki na mchezo kidogo. Cheni iliyobana sana hukatika. Tairi lililoisha meno libadilishe. Wapo wanaopunguza upepo wa tairi wakidhani litashika vizuri zaidi kwenye mvua. Kwenye lami usifanye hivyo: tairi legevu halisukumi maji pembeni, linaelea juu yake.

2. Mzigo. Ufunge chini, karibu na kiti, kwa mipira ya tyubu. Mzigo mrefu ni tanga, na tanga hufuata upepo, halimfuati dereva.

3. Mavazi. Koti la mvua lisilopepea, glavu, gambuti. Miguu ya suruali ya mvua ivae nje ya gambuti, la sivyo maji yote yanaishia miguuni. Gazeti kifuani chini ya koti huzuia baridi vizuri sana. Kioo cha helmeti kipake sabuni kavu kwa ndani, kisha kipanguse mpaka king'ae, ukungu hautashika.

4. Ondoka saa kumi na moja alfajiri. Mvua ya mlimani mara nyingi huanza baada ya adhuhuri, kwa hiyo saa za asubuhi ni mali. Kutoka Jinja pitia Iganga, ushike barabara ya Tirinyi katikati ya mashamba ya mpunga. Ni kilomita zipatazo 140 hadi Mbale. Ukifika Mbale saa saba na mawingu yamefunika Wanale, mlima ulio juu ya mji, lala hapo. Mteja atasubiri.

5. Kupanda. Ukipita Mbale, hapo Muyembe njia zinagawanyika, moja kwenda Nakapiripirit, nyingine kupanda Sipi na Kapchorwa. Injini itapoteza nguvu kadiri hewa inavyopungua, takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Usiigombeze. Shusha gia mapema, kabla haijaanza kukohoa.

Upepo ndio wa kuuheshimu. Ukiwa umekingwa na ukuta wa mlima husikii kitu. Ukuta unapokatika na bonde kufunguka, upepo unakupiga mara moja. Lori linalopishana nawe hufanya vivyo hivyo: linakukinga, kisha linakuachia. Kwa hiyo punguza mwendo kabla ya uwazi. Bana tanki kwa magoti, legeza viwiko, ushike usukani kama unavyoshika yai. Anayeukaza usukani huupitisha mtikisiko wote hadi tairi la mbele.

6. Kuteremka. Shuka kwa gia ileile ambayo ungepandia kilima hicho. Usibane klachi, usizime injini ili kuokoa mafuta. Nakuomba sana, ndugu yangu, hilo usilifanye kamwe. Injini ndiyo breki yako ya kwanza. Breki za dramu gusa kidogo kidogo, zikauke na zisichemke. Maliza kupunguza mwendo kabla ya kona. Dakika za mwanzo za mvua ni mbaya kuliko mvua kubwa yenyewe, maana vumbi na oili huwa bado havijaoshwa.

7. Udongo. Elgon huporomoka. Tarehe 1 Machi 2010 maporomoko yalifunika vijiji huko Bududa, upande mwingine wa mlima huuhuu, na watu wengi walikufa. Ukiona mawe mapya barabarani, au kijito kimegeuka tope ghafla, usijikinge mvua chini ya ukuta wa udongo. Ondoka hapo. Maji yakikatiza barabara, shuka uyapime kwa miguu kwanza.

Kutoka Kapchorwa hadi Suam ni kilomita 73 kupitia Bukwo, kupanda na kushuka. Ukifika, kabla ya chai, osha tope kwenye cheni na uipake oili ingali na joto. Kesho unarudi njia ileile, na sasa mteremko mrefu wa Sipi uko mbele yako.