Jinsi ya Kuomba Usajili wa Ushirika wa Nyumba na Kibali cha Ujenzi Jijini Dodoma

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya majirani wa mitaa iliyobanana, kama Chang'ombe na Chamwino, wanaotaka kuunganisha nguvu na kujenga jengo moja la ghorofa chache hapo hapo mjini, badala ya kila mmoja kwenda kutafuta kiwanja chake Nala au Ihumwa, ambako bei ya ardhi ni nafuu lakini nauli za kila siku huimaliza nafuu hiyo.

Hatua ya kwanza ni mkutano wa waanzilishi, na kazi yake kubwa ni kuandika masharti ya chama. Wengi huanza kwa kumlipa msanifu achore ramani, kisha hugombana jengo likiwa limefika kwenye linta, kwa sababu hawakuwahi kukubaliana nyumba ni ya nani. Masharti yaeleze waziwazi kama jengo litabaki mali ya chama na mwanachama atakuwa na haki ya kuishi tu, au kama kila mwanachama atapata hati ya sehemu yake kwa mujibu wa Sheria Na. 16 ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za jengo. Yaeleze pia kiingilio, thamani ya hisa, mchango wa kila mwezi, hatima ya anayeshindwa kuchangia, na nani anarithi mwanachama akifariki. Binafsi naona njia ya kwanza inawafaa zaidi wenye kipato kidogo, kwani huzuia mtu kuuza sehemu yake kwa mgeni mwenye fedha kabla rangi haijakauka.

Baada ya hapo, kamati ya muda huwasilisha maombi ya usajili chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013, kupitia MUVU, mfumo wa mtandaoni wa usimamizi wa vyama vya ushirika unaosimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Viambatisho vya msingi ni muhtasari wa mkutano wa waanzilishi, orodha ya wanachama na saini zao, masharti, na andiko linaloonesha kwamba mradi unaweza kujiendesha. Mwoneni mapema Afisa Ushirika wa Halmashauri ya Jiji, kwa sababu andiko lililorudishwa mara mbili huvunja moyo wa wanachama kuliko ada yoyote. Chama kikisajiliwa huwa na nafsi yake kisheria, hivyo kinaweza kumiliki ardhi na kufungua akaunti kwa jina lake, lakini hakiruhusiwi kukopa kiholela: mkutano mkuu hupitisha ukomo wa madeni, na Mrajis, yaani msajili wa vyama vya ushirika, ndiye huuidhinisha.

Ardhi ni hatua fupi kuieleza, ingawa ndefu kuitekeleza. Hakikisheni kiwanja kimepimwa na kina hati, wala msinunue kwa karatasi ya mauziano ya mtaani peke yake. Mkiunganisha viwanja viwili au vitatu vidogo, ombeni kwanza idhini ya mipango miji, na mwulize Afisa Mipango Miji matumizi na idadi ya ghorofa zinazoruhusiwa hapo. Nyaraka za zamani za Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA), iliyokuwa ikisimamia ardhi ya Dodoma hadi ilipovunjwa mwaka 2017, zihakikiwe katika ofisi ya ardhi kabla ya kulipa chochote.

Ndipo msanifu aliyesajiliwa aanze kuchora, akiwa na mhandisi wa miundo na mkadiriaji majenzi, yaani mtaalamu wa kukadiria gharama za ujenzi. Unafuu wa jengo huamuliwa hapa. Vyoo na majiko yapangwe moja juu ya jingine ili bomba moja lihudumie ghorofa zote, pande ndefu za jengo zitazame kaskazini na kusini ili jua la alasiri lisichome vyumba, na ghorofa zisizidi zile ambazo mzee anaweza kupanda bila lifti. Udongo upimwe kwanza, maana palipo na udongo wa mbuga, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, msingi wa kawaida hautoshi. Mvua za Dodoma, takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, hunyesha karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Hata hivyo paa la mita za mraba 300 hupokea zaidi ya lita 160,000 katika msimu mmoja, kwa hiyo tangi la chini ya ardhi lichorwe tangu mwanzo.

Michoro ikikamilika, ombi la kibali cha ujenzi huwasilishwa Halmashauri ya Jiji kupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa huduma za halmashauri, likiambatanishwa na uthibitisho wa umiliki, michoro ya usanifu na ya miundo, na risiti ya kodi ya ardhi. Malipo yote hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali. Anayeomba fedha mkononi asipewe.

Kibali kikitoka, mpeni taarifa mkaguzi wa majengo kabla ya kumwaga zege la msingi, na nondo zibaki wazi mpaka atakapofika, kwa maana zikishafunikwa hakuna atakayeweza kuzihesabu bila kubomoa.