Kuchagua baruti na vichwa vya risasi ukijaza mwenyewe kwa bunduki ya nusu otomatiki ya shabaha za mbali

Wengi tunaojaza risasi kwa mkono tumejifunzia kwenye bunduki ya bolti (ile unayoivuta kwa mkono kila unapopiga), afu mtu akihamia nusu otomatiki anabeba mazoea yote yale yale na hapo ndo shida zinapoanza. Kwenye bolti baruti ina kazi moja tu, kusukuma kichwa kitoke mtutuni. Kwenye nusu otomatiki ina kazi mbili, inasukuma kichwa na papo hapo inaendesha mitambo, yaani gesi kidogo inachotwa kupitia tundu lililotobolewa kwenye mtutu, inarudisha nyuma bolti, yaani kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi, ganda linatoka, risasi nyingine inakokotwa toka magazini. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza baruti gani inanipa kasi kubwa, uliza baruti gani inaacha presha nzuri pale kwenye tundu la gesi. Ukilishika hilo, mengine yanafuata yenyewe.

Maneno kidogo kwanza tuelewane. Nikisema risasi nina maana ile nzima, kichwa ni kile kinachoruka, ganda ni ile shaba inayobaki, fataki ni kile kidonge cha nyuma kinachogongwa na pini. Uzito tunapima kwa greini, greini moja ni kama gramu 0.065. Na sitakuandikia hapa utie greini ngapi za baruti, usinikasirikie, namba hizo chukua kwenye kitabu cha sasa cha mtengenezaji wa baruti au wa vichwa, kwa sababu mtutu wako, ganda lako na hata toleo la kopo lako la baruti si sawa na langu, na presha tunayocheza nayo ni kubwa mno, kwa saizi mbili za risasi nitakazozitaja sana, .308 Winchester kiwango cha juu cha CIP (shirika la kimataifa la viwango vya risasi) ni bar 4150 na .223 Remington ni bar 4300. Pia hakikisha sheria za unapoishi zinakuruhusu kujaza, kuna sehemu lazima uwe na leseni na kuna sehemu hairuhusiwi kabisa.

Hatua ya 1: Ijue bunduki yako kabla hujanunua chochote

Mambo matatu yaandike kwenye daftari. La kwanza msokoto wa mistari ndani ya mtutu, ukiona 1:7 maana yake kichwa kinazunguka mara moja kila inchi 7. Kama haujaandikwa kwenye mtutu unaupima mwenyewe, hakikisha bunduki haina kitu, ingiza ufito wa kusafishia wenye kitambaa kinachobana, weka alama kwenye ufito, sukuma taratibu mpaka alama izunguke ikarudi juu, urefu ulioingia ndo msokoto wako.

La pili urefu wa magazini kwa ndani. .223 kiwango chake ni milimita 57.4 kwa risasi nzima na .308 ni milimita 71.1, kuna magazini zinazoongeza kidogo, zako pima mwenyewe.

La tatu mfumo wa gesi: tundu liko umbali gani toka kwenye chemba (pale risasi inapokaa ikisubiri kupigwa), na kama kuna skrubu ya kupunguza gesi. Tundu likiwa karibu na chemba presha inayoingia kwenye mitambo ni kubwa zaidi, likiwa mbali inakuwa imeshapungua.

Hatua ya 2: Kichwa kwanza, baruti baadaye

Watu wengi wananunua baruti kwanza kwa sababu ndo iliyopatikana. Kichwa ndo kinaamua utafika wapi, kwa hiyo anza hapo.

Anza na msokoto. Kichwa kirefu kinahitaji kuzungushwa haraka zaidi, na angalia nasema kirefu sio kizito, ni vile tu vizito vya kaliba moja huwa virefu. Kwenye .223 mtutu wa 1:9 unakwenda vizuri na greini 69, ukitaka greini 77 nenda 1:8 au 1:7. Kwenye .308 msokoto wa 1:10 unabeba vyote vya kawaida vya shabaha, na 1:12 kwa greini 168 hauna shida.

Halafu magazini, na hapa ndo nusu otomatiki inakubana. Kwenye bolti unaweza kukiweka kichwa mbele mpaka kikaribie kugusa mwanzo wa mistari, kwenye nusu otomatiki magazini inakukatalia, kwa hiyo kichwa kitaruka pengo fulani kabla ya kukamata mistari upende usipende. Sasa vichwa vyenye pua ndefu kali sana, vile vya VLD vilivyochongwa kupunguza ukinzani wa hewa, vingi vinachagua sana pengo hilo, mara vinapiga vizuri mara vinasambaa. Vyenye pua ya mkunjo wa kawaida vinasamehe. Sierra MatchKing ya greini 77 imependwa miaka yote hii kwenye AR-15, bunduki ya nusu otomatiki ya .223, kwa sababu inaingia kwenye magazini na haisumbui, hata jeshi la Marekani likaiweka kwenye risasi yao ya Mk 262. Ya greini 80 ni ndefu, ukiijaza kwa urefu unaoifaa haiingii magazini, wale wa mashindano ya Service Rifle wanaitumia yadi 600 wakiiweka mkononi moja moja kwenye chemba. Kama unapiga moja moja sawa, kama unataka magazini ifanye kazi achana nayo.

Tatu ni kinachotokea huko mbali, na hapa naomba usome taratibu. Kichwa kikiwa kinapungua kasi kikakaribia kasi ya sauti, ambayo ni kama mita 340 kwa sekunde, hewa inayokizunguka inabadilika tabia na baadhi ya vichwa vinaanza kuyumba. Mfano unaojulikana ni MatchKing ya .308 greini 168. Ilitengenezwa kwa mashindano ya mita 300 na kwa mita 300 ni tamu kweli, ila mkia wake umechongwa kwa nyuzi 13, mwinuko mkali, na kikifika kwenye kasi hiyo kinapoteza utulivu, ndo maana watu wanaolazimisha yadi 1000 na 168 wanakuta matundu marefu ya kichwa kilichopiga kwa ubavu kwenye karatasi au hawakuti kabisa. Ile ya greini 175 mkia wake ni nyuzi 9, inapita pale bila kuhangaika, na ndo iliyowekwa kwenye risasi ya kijeshi ya M118LR. Tofauti ya greini 7 tu lakini umbo la mkia ndo limefanya kazi. Kwa hiyo usinunue kwa uzito peke yake, wala kwa BC peke yake. BC ni namba ya jinsi kichwa kinavyopasua hewa, 168 ina kama .462 na 175 ina kama .505 kwa hesabu ya G1 (njia moja ya kuipima BC), inasaidia kulinganisha lakini haikuambii kama kichwa kitatulia.

Ushauri wangu: kama mwisho wako ni mita 500 hivi, .308 yenye 168 itakufurahisha bila gharama ya ziada, ukitaka kuvuka mita 700 nenda 175 moja kwa moja. Vichwa vizito kupita hapo, vya greini 190 na zaidi, mi sivipendekezi kwa nusu otomatiki za .308, vinakula nafasi ya baruti ndani ya ganda na vinaichosha mitambo.

Hatua ya 3: Baruti, na presha mbili

Kuna presha ya kilele, ile ya mwanzo kabisa kichwa kikiwa kinaanza kutembea, hiyo ndo iliyoandikwa kwenye vitabu. Na kuna presha ya tundu, ile iliyobaki kichwa kinapopita tundu la gesi. Baruti mbili zinaweza kuwa na kilele sawasawa lakini ile inayoungua polepole inafika kwenye tundu ikiwa bado ina nguvu nyingi. Kitabu kinakuonyesha ile ya kwanza, bunduki yako inahisi zote mbili. Presha ya tundu ikizidi, bolti inafunguka mapema ganda likiwa bado limeng'ang'ania kuta za chemba, ukingo wa ganda unakwaruzwa au unachanika, na wewe unashangaa mbona nipo chini ya kiwango.

M1 Garand, bunduki ya zamani ya nusu otomatiki, ndo mwalimu mzuri hapa. Iliingia jeshini Marekani mwaka 1936, gesi yake inachukuliwa karibu kabisa na mdomo wa mtutu na inasukuma ufito mrefu. Ukitumia baruti ya polepole na kichwa kizito ule ufito unapinda. Wenye Garand wanabaki kwenye kundi la baruti za IMR 4895 na IMR 4064, na kichwa kisizidi greini 175 hivi.

Mfano mwingine ni M16, bunduki ya jeshi la Marekani. Ilianza na baruti ya vijiti ya IMR, afu mwaka 1964 wakahamia baruti ya punje iitwayo WC 846. Kasi ya kichwa waliipata ile ile waliyoitaka, lakini mitambo ikawa inakwenda mbio kuliko ilivyosanifiwa na uchafu ukaongezeka, na pamoja na chemba zisizopakwa kromi na askari kukosa vifaa vya kusafishia, bunduki zikakwama vitani Vietnam mpaka Bunge la Marekani likachunguza mwaka 1967. Kasi sawa, baruti tofauti, bunduki ikakataa. Ndo sababu narudia rudia hili jambo.

Kwa hiyo nini ununue? Kwa .308 yenye 168 au 175 kaa kwenye mwendo wa kati: IMR 4895, H4895, Varget, IMR 4064, Vihtavuori N140, Reloder 15. Kwa .223 yenye greini 69 mpaka 77: Varget, N140, Reloder 15, IMR 8208 XBR, au TAC kama unataka ya punje. 6.5 Creedmoor, saizi nyingine ya risasi, ni habari nyingine, yenyewe inapenda H4350 ambayo ni ya polepole zaidi, ndo maana mitutu mingi ya nusu otomatiki ya kaliba hiyo ina mrija wa gesi mrefu zaidi, kama wako ni mfupi basi skrubu ya gesi sio anasa.

Punje au vijiti? Punje zinamiminika vizuri kwenye kipimio, unajaza nyingi kwa haraka na uzito unatoka karibu sawa. Vijiti vinakwama kwama kwenye kipimio, saa zingine unalazimika kupima kila ganda kwenye mizani. Ila baruti nyingi zinazovumilia joto na baridi ni za vijiti, zile za Hodgdon Extreme kama Varget na H4895 zinazotengenezwa Australia zinajulikana kwa hilo, na kwa shabaha ya mbali hiyo ni faida kubwa kuliko urahisi wa kumimina, manake risasi uliyoirekebisha asubuhi ya baridi usipokuwa makini inapanda presha mchana wa jua kali. Mi nachagua vijiti kwa mbali na punje kwa mazoezi ya karibu.

Na tafuta baruti inayojaza ganda karibu lote kwa kipimo cha kitabu. Inaungua kwa usawa zaidi, na ukikosea ukatia mara mbili itamwagika utaiona.

Hatua ya 4: Fataki na ganda, haraka haraka

Pini ya nusu otomatiki nyingi inaelea huru, bolti ikijifunga inagusa fataki kidogo. Fataki laini inaweza kulipuka yenyewe bila kuvuta kifyatulio. Tumia zenye kikombe kigumu, mfano CCI No. 41 ndogo na No. 34 kubwa, na hakikisha kila fataki imezama chini ya usawa wa kitako cha ganda, ipitishie kidole.

Ganda lirudishwe saizi kamili, sio shingo tu. Bega, pale ganda linapobanwa kuelekea shingo, lisukume nyuma milimita 0.08 mpaka 0.1 kulinganisha na ganda lililotoka chemba yako. Maganda ya kijeshi huwa mazito, ndani yana nafasi ndogo, presha inapanda mapema, kwa hiyo usichanganye na ya kiraia kwenye kundi moja. Shingo ibane vizuri: kiwanjani, mdomo wa mtutu ukielekea kwenye kinga, acha bolti ikokote risasi toka magazini, itoe, pima urefu tena. Kama kichwa kimesogea shingo haijabana.

Hatua ya 5: Kupanda ngazi

Mezani kopo moja tu la baruti. Likiisha kazi lirudi kabatini ndo lingine litoke, na usiache baruti ndani ya kipimio ukaja kubahatisha kesho ni ipi.

Anza asilimia 10 chini ya kiwango cha juu cha kitabu, panda greini 0.3 kwa .308 na 0.2 kwa .223. Kila kundi piga ukiangalia ganda kabla ya karatasi: alama ya kung'aa ya ejekta (kipini kinachorusha ganda nje) kwenye kitako, ukingo uliokwaruzwa, fataki iliyobapa. Ukiona hata moja simama, vunja zilizobaki. Pia weka risasi moja moja kwenye magazini, bolti inatakiwa ibaki wazi baada ya kupiga, isipobaki gesi ni kidogo. Maganda yakirushwa kwa nguvu kuelekea mbele gesi ni nyingi, hapo rekebisha skrubu au ongeza uzito wa bafa (kile kizito kinachorudi nyuma pamoja na bolti), ila kama dalili za presha ya kilele zipo, skrubu haikuokoi, punguza baruti.

Kronografu, kifaa cha kupima kasi ya kichwa, ni lazima. Usiamini vikundi vya risasi 3, piga 10 na uangalie kasi zinatofautiana vipi. Mara nyingi kuna sehemu ambapo kasi zinatulia na kikundi kinabana chini kidogo ya kiwango cha juu, kaa hapo hata kama ngazi ya jirani ina kasi ya mita 15 kwa sekunde zaidi. Kwa mbali utulivu wa kasi ndo unaozuia matundu kupanda na kushuka kwenye karatasi.

Hatua ya 6: Thibitisha kwenye umbali wenyewe

Mita 100 haikuambii chochote kuhusu mkia wa kichwa. Nenda umbali utakaopigia, tazama matundu kama ni ya duara, tazama kama yanatawanyika juu na chini kuliko kushoto na kulia, yakitawanyika hivyo rudi kwenye upimaji wa baruti na mbano wa shingo. Kila boksi liandike kichwa, baruti na namba ya toleo lake, ganda, fataki, urefu, tarehe na joto la siku uliyopima. Ukifungua kopo la toleo jipya, hata kama jina ni lile lile, shuka kidogo upande tena.