Kupika bia ya kahawia nyumbani Nakuru, mpaka chupa iwafikie wenzako

Kila anayeanza kupika bia huku kwetu namshauri aanze na ya kahawia, ile ya Kiingereza. Haidai friji ya kuchachulia, kwa sababu ubaridi wa Nakuru unaitosha. Ladha yake ya nafaka iliyokaangwa pia si ngeni kwetu. Wapika busaa wa Kakamega na Bungoma hukaanga unga wa mahindi uliochacha kabla ya kuutia maji na kimea cha wimbi, na harufu ya kikaango kile inakaribiana sana na utakayoisikia hapa. Bia ya kahawia inayojulikana zaidi, ya Newcastle huko Uingereza, ilianza kuuzwa 1927. Hii yetu itafika kileo cha asilimia 4.7 hivi.

Kabla hujanunua chochote, pita ofisi ya leseni za vileo ya kaunti yako uulize unachoruhusiwa. Sheria ya vileo ya 2010 inagusa kutengeneza pia, haigusi kuuza peke yake.

Vitu vya kuwa navyo

Kwa lita 20: kimea cheupe cha shayiri kilo 4.2, kimea cha karameli gramu 400, kimea cheusi gramu 200, hopsi (maua makavu yanayoipa bia uchungu) aina ya Goldings gramu 45, na pakiti moja ya hamira kavu ya bia, gramu 11. Hamira ya mandazi iache jikoni. Itachachusha, lakini haitulii vizuri chini ya chupa, na ladha yake ya mkate haiondoki.

Kimea sisi huagiza gunia la kilo 25 kwa kuchangishana, kisha tunagawana. Hopsi zote hutoka nje, maana mmea wake hupenda siku ndefu za kiangazi na hapa karibu na ikweta hatuna. Kimea cheusi kikikosekana, kaanga kimea cheupe kwenye oveni au kikaango kizito huku ukikoroga mpaka punje ukiivunja iwe na rangi ya kahawa hata ndani. Kiache kwenye mfuko wa karatasi wiki mbili ukali wa moshi upungue.

Vyombo: sufuria ya lita 40, mfuko mkubwa wa kitambaa cha neti, ndoo ya plastiki yenye kifuniko, mpira wa kuhamishia, kipimajoto, haidromita (kifaa kinachoelea kwenye bia, ambacho namba yake hushuka kadiri hamira inavyokula sukari), na mizani ya kidijitali inayosoma gramu moja moja. Kuna wanaosisitiza mtindo wa sufuria tatu. Mimi natumia mfuko mmoja, na sioni sababu ya mtu kuosha vyombo vitatu kwa bia ileile.

Hatua ya 1: Maji

Tumia maji ya mvua. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floridi nyingi, na kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua kwa mvuke, inazidi kukolea. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, kinga inayofuata, chuja. Maji ya mvua hayana madini, kwa hiyo yaongezee gramu 5 za kloridi ya kalisi.

Hatua ya 2: Kuloweka kimea

Pasha lita 28 hadi nyuzi 71. Tia mfuko, mwaga kimea kilichosagwa kwa kuparazwa tu, kisiwe unga, na ukoroge mabonge yaishe. Joto litashuka hadi 67 hivi. Funika kwa blanketi saa nzima, kisha inua mfuko uning'inie mpaka uache kuchuruzika.

Neno juu ya kipimajoto. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kisumu, iliyo chini zaidi, ni kama 96. Nimeona watu wakitupa vipimajoto vizima kwa sababu vilikataa kufika 100. Pima chako kwenye glasi ya barafu inayoyeyuka: kikisoma sifuri, kiamini.

Hatua ya 3: Kuchemsha na kupoza

Chemsha saa moja. Hopsi zote ziingie mwanzoni. Kwa kuwa maji yetu huchemka kwa joto dogo, uchungu hutoka polepole, ndiyo maana nimeweka gramu 45 badala ya 40. Poza sufuria kwenye karai la maji baridi, ukiyabadilisha, hadi nyuzi 20.

Hatua ya 4: Kuchachusha

Mimina kwenye ndoo iliyosafishwa kwa dawa, kwa fujo ili hewa iingie, nyunyiza hamira, funika. Haidromita isome karibu 1.048. Weka ndoo sakafuni kwenye chumba kisichopigwa na jua, mbali na bati la paa. Wa Kisumu, weka ndoo ndani ya beseni la maji na uivike kitambaa kibichi, au tumia hamira ya kveik kutoka Norwe, ambayo hustawi hata kwenye nyuzi 30 na zaidi. Subiri wiki mbili bila kufunuafunua.

Hatua ya 5: Kutia chupani

Hapa ndipo nawaomba msome mara mbili. Jamaa mmoja wa Kisumu niliyekuwa nikimwelekeza kwa simu alitia chupani siku ya sita kwa sababu povu lilikuwa limeshuka. Chupa zikapasuka kabatini usiku, na vigae vikapenya hadi kwenye nguo. Kushuka kwa povu si dalili ya kuisha kwa sukari. Chukua kipimo cha haidromita, zungusha kifaa taratibu ili viputo vinavyokishikilia viachie, soma usawa wa maji na si ukingo unaopanda kwenye shingo yake. Rudia baada ya siku tatu. Vipimo viwili vikilingana, karibu 1.012, endelea. Vikitofautiana hata kidogo, subiri. Kikigandia 1.020, usitie chupani kwa kuwa tu namba haisogei: pandisha joto la chumba kidogo, tikisa ndoo kwa upole, upe wiki nyingine.

Sasa sukari ya kuleta gesi. Ni gramu 5 kwa lita, yaani gramu 100 kwa lita 20. Lakini pima kwanza bia uliyo nayo kweli, kwa sababu lita mbili tatu hubaki na masimbi chini ya ndoo. Ukipata lita 17, sukari ni gramu 85. Usipime kwa vijiko. Kijiko cha sukari iliyojaa kilima na kile kilichosawazishwa hutofautiana vya kutosha kuharibu mkupuo mzima. Tena usitie sukari chupa kwa chupa. Ichemshe na kikombe cha maji, ipoe, iweke chini ya ndoo safi ya pili, kisha hamisha bia juu yake kwa mpira, mdomo wa mpira ukiwa umezama ili bia ijizungushe yenyewe. Usiirushe wala kuipiga: hewa iliyokuwa rafiki siku ya kwanza sasa ni sumu, na bia itanuka kadibodi. Mpira usiufyonze kwa mdomo. Ujaze maji yaliyochemshwa na kupoa, kisha uuachilie.

Chupa ziwe za bia, za kioo cha kahawia, za nusu lita, zinazofungwa kwa kifuniko cha bati. Za kahawia kwa sababu mwanga ukikutana na hopsi bia hunuka vibaya. Chupa za mvinyo au za sharubati hazikuundwa kuhimili gesi hii. Jaza ukiacha vidole viwili juu. Chupa moja iwe ya plastiki ya soda: siku ukiibonya ikawa ngumu kama mpya ya dukani, nyingine zote zimefika. Ikigeuka jiwe kabla ya wiki, peleka zote kwenye friji mara moja, kisha legeza vifuniko moja moja ukiwa na glovu na kitambaa. Muda wote huo chupa zikae ndani ya kreti iliyofunikwa, mahali watoto hawapiti.

Wiki mbili kwenye joto la chumba. Nne ni bora.

Hatua ya 6: Kuwapelekea wenzako

Kwa safari ya matatu kutoka Nakuru hadi Kisumu, kupitia Kericho, chupa zisimame wima, zimefungwa kwa magazeti, mbali na injini. Zikifika, zipumzike siku mbili ili masimbi yatulie.

Baa zetu huuliza, "Baridi ama moto?" Hii si ya baridi wala ya moto: itoe kwenye friji nusu saa kabla, ifike nyuzi 12 hivi, ndipo utamu wa kimea ujitokeze. Mimina mara moja bila kusitasita, gawanya kwa glasi tatu, na acha kidole kimoja cha mwisho chupani.

Kwenye chupa bandika utepe wenye tarehe na vipimo viwili vya haidromita. Usiwaulize wenzako kama ni tamu; watakubali tu. Waulize wanasikia harufu gani. Siagi ina maana uliitoa kwenye hamira mapema. Siki ni usafi. Kadibodi ni hewa. Uchungu wa majani ya chai mara nyingi ni kimea kilichosagwa laini mno. Waambie pia wasuuze chupa papo hapo kabla hazijakauka na wazirudishe, kwa kuwa chupa nzuri ni kazi kuzipata kuliko kimea.