Lori la Mtumba Linapogoma: Pima Umeme Kabla ya Kununua Vipuri

Malori mengi yanayobeba mchanga, ndizi na vitunguu kati ya Arusha, Moshi na Himo yaliingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika kwingine kwa miaka mingi. Anayelinunua moja hupata pengine injini nzuri, lakini hurithi pia nyaya zilizokatwa na kuungwa na mafundi asiowajua. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na umeme, ingawa wengi wetu hukimbilia kufungua pampu na nozeli.

Malori makubwa kwa kawaida hutumia volti 24, zinazotokana na betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfuatano. Tafuta multimita ya kawaida, yaani kifaa cha kupimia umeme, kisha upime asubuhi kabla ya kuwasha gari: betri mbili zilizojaa husoma takriban volti 25.4 kwa pamoja, na zikiwa chini ya 24.4 chaji imepungua sana. Injini ikinguruma, kipimo kinapaswa kupanda hadi kati ya volti 27.5 na 28.5. Kikibaki pale pale kilipokuwa asubuhi, alteneta, yaani jenereta inayochaji betri, haichaji, au mkanda wake umelegea, jambo ambalo ni rahisi zaidi kurekebisha na ndilo la kuangaliwa kwanza.

Pima pia kila betri peke yake. Ukikuta moja inasoma 12.7 na nyingine 11.9, chunguza kama kuna mtu aliyevuta waya wa redio kutoka kwenye betri moja tu ili apate volti 12. Mtindo huu umeenea mno, nami niliukuta katika lori nililokabidhiwa kwa maelezo kwamba “linakula betri”. Kumbe betri iliyokuwa ikinyonywa haikuwahi kujaa, na mwenzake ilichajiwa kupita kiasi hadi maji yake yakakauka. Dawa ni kufunga kifaa cha kupunguza volti 24 kuwa 12, ambacho ni nafuu kuliko kununua betri mbili kila mwaka.

Starta ikitoa mlio mmoja na kunyamaza ilhali betri zimejaa, usiifungue bado. Weka ncha moja ya multimita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mwenzako ajaribu kuwasha. Kipimo kikizidi nusu volti, umeme unapotea kwenye waya wa hasi au pale unapofungwa kwenye chesisi. Vumbi letu likichanganyika na maji ya kuoshea gari hujenga kutu chini ya boliti, na boliti hiyo huonekana imekaza vizuri kabisa. Ifungue, usugue hadi chuma king’ae, uifunge tena na kuipaka grisi.

Taa ya injini inapowaka kwenye dashibodi, fundi mwenye mashine ya kusomea hitilafu atakupa namba. Namba hiyo hutaja mzunguko wenye tatizo, wala haisemi kwamba sensa, yaani kifaa kinachopima hali ya injini, imekufa. Kwa mfano, namba inayohusu shinikizo dogo la dizeli inaweza kuletwa na filta iliyoziba, maji ndani ya dizeli, au plagi ya nyaya iliyoingia unyevu. Badilisha filta, mwaga maji, safisha plagi, futa namba, ndipo uendeshe uone kama itarudi. Aidha, lori lenye kompyuta lisichomelewe bodi kabla ya kuondoa nyaya za betri na kuchomoa plagi za kompyuta, kwa maana umeme wa kuchomelea unaweza kuiunguza.

Kwenye injini za komoni reli, ambazo nozeli zote hupata dizeli kutoka bomba moja la shinikizo kubwa, usilegeze kamwe mabomba ya nozeli injini ikiwa inazunguka. Shinikizo lake huweza kuzidi bar 1,000, na dizeli hiyo hupenya ngozi.

Moshi nao husaidia kutambua tatizo: mweusi humaanisha hewa ni kidogo au dizeli ni nyingi, kwa hiyo anza na filta ya hewa, wa bluu ni oili inayoungua, mweupe usiokoma hata injini ikipata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, huelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi. Joto likipanda unapotoka Moshi kupandisha Arusha na mzigo, angalia kwanza mapezi ya rejeta, kwani nyasi na vumbi huyaziba kwa nje. Ruhusu injini ipoe kabla ya kufungua mfuniko, na usikubali ushauri wa kuondoa moja kwa moja thamostati, yaani vali inayodhibiti joto la maji ya injini, kwa kuwa injini inayofanya kazi ikiwa baridi huchakaa mapema.

Kwa breki za upepo, egesha mahali tambarare, weka vigingi kwenye matairi, jaza upepo, zima injini, kisha ukanyage breki na kuishikilia. Geji ikishuka zaidi ya bar 0.2 kwa dakika, pakaza maji ya sabuni kwenye maungio na mipira hadi uone mapovu. Fungua vali za chini ya matangi ya upepo kila siku ili maji yatoke. Yakitoka na oili nyingi, kompresa, yaani pampu ya upepo, imechakaa. Hadi uvujaji wa upepo uzibwe, lori lisipakiwe mzigo.